Faili la Maandishi Linalokaa Kando ya Modi

Mtu anayetaka kuwajengea wanamodi wenzake, yaani wachezaji wanaotengeneza modi (nyongeza au mabadiliko ya gemu), hazina ya pamoja mtandaoni kwa kawaida huanza na vitu vinavyoonekana: jina la tovuti, nembo, chaneli ya Telegram, ukurasa wa kupakulia mafaili. Nimeshuhudia hazina kadhaa za namna hiyo zikizinduliwa kwa shangwe na kufa bila hata tangazo, na kadiri ninavyozitazama ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba uhai wa hazina huamuliwa na kitu kidogo kuliko vyote hivyo, nacho ni faili fupi la maandishi linaloambatana na kila kazi, likieleza nani ameitengeneza, malighafi yake imetoka wapi, na wengine wanaruhusiwa kuifanyia nini. Mali bila daftari hupotea bila habari, na modi nazo ni mali.

Mfano ninaoutegemea zaidi katika hoja hii ni Doom, gemu ya kampuni ya id Software ya Texas iliyotoka tarehe 10 Desemba 1993. Jamii ya wanamodi wake ni miongoni mwa zile kongwe zilizo hai hadi leo, na ramani zilizotengenezwa mwaka 1994, enzi za modemu za simu, bado zinapakuliwa na kuchezwa. John Carmack, mwandishi mkuu wa programu wa kampuni hiyo, alikwisha kuona jinsi wachezaji wa Wolfenstein 3D, gemu yao ya mwaka 1992, walivyokuwa wakiyachokonoa mafaili ili kubadilisha ramani na picha, naye hakuwazibia njia. Katika Doom, ramani, picha, sauti na muziki viliwekwa katika faili la aina inayoitwa WAD, mbali kabisa na programu yenyewe. Faili la kampuni huanza na herufi nne, IWAD. Faili la mwanamodi huanza na PWAD, na hubeba vile vitu vipya tu; mchezaji akiipa programu amri ya kulipakia, kila kisichobadilishwa huendelea kusomwa kutoka kwenye IWAD aliyoinunua. Watu wengi husifu mpangilio huo kwa wepesi wake wa kiufundi. Mimi nausifu zaidi kwa sababu ulimwezesha kijana wa kawaida kusambaza kazi yake bila kusambaza hata picha moja ya kampuni, na hivyo tangu siku ya kwanza mpaka kati ya chako na changu ulikuwa umechorwa ndani ya faili lenyewe.

Maelezo ya namna WAD inavyosomwa yaliandikwa na wachezaji. Mwaka 1994 Matt Fell alisambaza waraka uliojulikana kama maelezo yasiyo rasmi ya Doom, na hadi leo sijaona waraka mwingine wa wanamodi ulioandikwa kwa nidhamu kama ule. Hauna mbwembwe. Unaeleza kwamba baiti 12 za mwanzo wa WAD zimegawanyika mara tatu: baiti 4 za aina ya faili, 4 za idadi ya vipande vilivyomo, na 4 za kuonyesha mahali orodha ya vipande inapoanzia. Katika orodha hiyo kila kipande kina baiti 16, zinazotaja mahali kilipo, ukubwa wake, na jina lake lisilozidi herufi nane. Kila kiumbe au silaha iliyowekwa kwenye ramani huchukua baiti 10: nafasi yake kwa upana, nafasi yake kwa urefu, pembe anayotazama, namba ya aina yake, na alama zinazoamua atatokea katika kiwango kipi cha ugumu. Ukiona namba 3001, huyo ni yule pepo wa rangi ya kahawia anayerusha mipira ya moto. Msomaji aliyeushika waraka huo hakuhitaji kumwomba mtu yeyote kibali wala msaada; aliweza kuandika programu yake mwenyewe ya kuhariri ramani, na wengi waliandika. Programu ya kwanza iliyovuma, DEU, ilitolewa na Brendon Wyber wa New Zealand mwezi Januari 1994, kabla hata gemu haijatimiza miezi miwili, kisha Raphaël Quinet wa Ubelgiji akaungana naye kuiendeleza, wakishirikiana kupitia mtandao, mmoja upande mmoja wa dunia na mwingine upande wa pili.

Kuna kipengele cha DEU ambacho vijana wa sasa hukishangaa: ilikataa kufanya kazi na toleo la bure la Doom. Kampuni ilikuwa inaishi kwa kuuza toleo kamili, nayo ilikuwa imeomba modi zisiwe sababu ya watu kuacha kulinunua, na watengenezaji wa zana wakaheshimu ombi hilo kwa kuliandika ndani ya programu zao. Hakuna mahakama iliyowalazimisha. Ninaamini heshima hiyo iliwanunulia wanamodi wa Doom miaka mingi ya utulivu, kwani kampuni iliyoona inalindwa haikuwa na haja ya kutuma wanasheria.

Sasa nije kwenye faili la maandishi. Kazi za wanamodi wa Doom zilikusanywa katika maktaba iliyokuja kuitwa idgames, ambayo ilihamahama kati ya seva kabla ya kukaa kwa muda mrefu kwenye mashine za Walnut Creek CDROM, kampuni ya California iliyokuwa ikiuza mikusanyo ya programu kwenye sidii. Aliyetaka kazi yake ipokelewe humo alipaswa kuambatanisha faili la maandishi lililojazwa kwa kufuata kiolezo kimoja. Kiolezo hicho kiliuliza jina la kazi, jina la mtengenezaji, maelezo mafupi, na watu wa kushukuriwa. Kiliuliza ramani imejengwa upya tangu mwanzo au imetokana na ya mtu mwingine, imetumia programu gani ya kuhariria, na ina kasoro zipi zinazojulikana. Karibu na mwisho kulikuwa na sehemu ya ruhusa, nayo ndiyo iliyobeba uzito wote. Kwanza mtengenezaji alitamka kama wengine wanaweza au hawawezi kuitumia kazi yake kama msingi wa kazi nyingine. Pili alitamka kwamba mtu yeyote anaweza kuisambaza kazi hiyo ilimradi aisambaze pamoja na faili hilo la maandishi, bila kulibadilisha.

Ninaomba msomaji azingatie kwamba hizo ni ruhusa mbili tofauti, na kwamba kuzitenganisha kulikuwa uamuzi wa busara kubwa hata kama walioufanya hawakujua. Mafaili mengi ya mwaka 1994 yanakataza kabisa ramani kutumiwa kama msingi wa ramani nyingine. Watengenezaji walikuwa na wivu na kazi zao, kama walivyo watengenezaji wa leo. Lakini hata wengi wa wenye wivu waliruhusu kunakili. Kwa hiyo Walnut Creek ilipounganishwa na BSDi, kampuni nyingine ya programu, mwaka 2000 na huduma zake zikaanza kubadilika mikono, maktaba haikuwa na sababu ya kufa pamoja na mwenyeji wake, kwa kuwa nakala zake kamili zilikuwa zimekwisha kuwekwa katika seva nyingine na mafaili kwa kawaida yalikuwa na idhini ya kuwekwa huko. Hakuna aliyelazimika kumtafuta mwanafunzi wa mwaka 1994 kwenye anwani ya barua pepe iliyokufa zamani ili kumwuliza kama anakubali.

Nisiwapake rangi wazee wale wakaonekana malaika. Modi mashuhuri ya mwaka 1994 iliigeuza Doom nzima kuwa hadithi ya filamu ya Hollywood, na sauti na sura zilizotumika hazikuwa za mtengenezaji. Sehemu ya ruhusa katika faili la maandishi haiwezi kutoa kile ambacho mtoaji hana. Ilichukua miaka kwa jamii kujifunza kuuliza swali la malighafi kwa ukali unaostahili, na waliolijifunza vizuri kuliko wote ni watu wa Freedoom.

Kampuni ilipotoa msimbo wa Doom, yaani maandishi ya programu yenyewe, hadharani tarehe 23 Desemba 1997, kisha mwaka 1999 ikauweka chini ya GPL, leseni inayomruhusu yeyote kuutumia na kuubadilisha mradi kazi itokanayo nao ibaki huru vivyo hivyo, injini (programu inayoendesha gemu) ikawa huru, lakini picha, sauti na ramani za awali zikabaki mali ya kampuni. Injini bila vitu hivyo haina cha kuonyesha. Mradi wa Freedoom, ulioanza mwaka 2001, ulijipa kazi ya kutengeneza upya kila kipande kinachotakiwa, kuanzia picha za kuta hadi miguno ya viumbe, chini ya leseni inayomruhusu yeyote kutumia na kubadilisha. Sharti lake ni gumu kuliko linavyosikika: mchangiaji haruhusiwi kuchukua picha ya id na kuibadilisha rangi, wala kuikopia kwa kuifuatisha juu yake. Kazi ya namna hiyo huenda polepole, na wapo walioicheka kwa kuwa baadhi ya picha za mwanzo zilikuwa mbaya kweli. Hata hivyo leo mtu asiye na senti anaweza kupakua injini huru pamoja na Freedoom akacheza sehemu kubwa ya ramani zilizotengenezwa kwa ajili ya Doom, bila kumwibia yeyote. Karibu na mradi huo kuna hazina nyingine ya pamoja, Realm667, inayokusanya viumbe, silaha na picha zilizo tayari kutumiwa na watengenezaji wa ramani, na kila kitu humo huja na orodha ya waliokichora, walioandika msimbo wake na waliotoa wazo. Orodha hizo wakati mwingine ni ndefu kwa namna ya kuchekesha. Hilo ndilo ninalolipenda.

Faida ya ruhusa iliyoandikwa ilionekana tena mwaka 2011. Wiki ya Doom, yaani kamusi elezo ya mtandaoni inayoandikwa na wachezaji wenyewe, ilikuwa imeanza mwaka 2005 ikiwa imepangishwa kwenye kampuni kubwa ya wiki, Wikia, na baada ya miaka wahariri wake wakachoshwa na jinsi mwenyeji alivyokuwa akibadilisha mwonekano wa kurasa bila kuwasikiliza. Waliondoka wakaanzisha tovuti yao, na waliondoka na makala zote, kwa kuwa kila makala ilikuwa chini ya leseni huria inayoruhusu kunakili kwa sharti la kutaja chanzo. Nakala ya zamani ilibaki kwa mwenyeji na ikaendelea kuwachanganya wasomaji wanaotafuta mtandaoni, jambo ambalo ni gharama halisi na anayefikiria kuhama anapaswa kulihesabu. Lakini kazi ya miaka haikupotea.

Linganisha na yaliyoikuta Bukkit, programu ya seva ambayo karibu kila mwenye seva kubwa ya Minecraft aliitegemea. Ndani yake msimbo wa wachangiaji uliotolewa chini ya leseni ya GPL ulichanganywa na msimbo wa Mojang, kampuni iliyotengeneza Minecraft, ambao haukuwa huru, na kwa miaka kila mtu alijua jambo hilo na kila mtu alinyamaza. Septemba 2014 mmoja wa wachangiaji alidai haki yake ya kisheria, upakuaji ukasimamishwa, na maelfu ya watu waliokuwa wamejenga modi zao juu ya msingi huo wakabaki wakitafuta pa kushika. Sina hamu ya kuamua nani alikuwa na kosa. Ninachokiona ni kwamba jamii ilikuwa na kila kitu, yaani watu, ujuzi na umaarufu, isipokuwa jibu la maandishi kwa swali la nani anamiliki nini.

Upande wa pili wa hoja upo, nami sipendi kuupita kana kwamba haupo. Katikati ya 2021 Nexus Mods, hazina kubwa kuliko zote kwa gemu za aina ya Skyrim, ilitangaza kwamba mafaili yaliyopakiwa hayatafutwa tena kabisa kwa amri ya mtengenezaji, yatahifadhiwa ili mikusanyo inayoyategemea isivunjike. Watengenezaji walipewa muda wa kuondoa kazi zao kabla utaratibu mpya haujaanza, na wengine waliziondoa kwa hasira. Ninaielewa kabisa sababu ya uamuzi, maana mkusanyo wa modi mia mbili huanguka ikiondolewa moja tu. Lakini ninaielewa pia hasira. Kinacholeta uchungu ni ruhusa kubadilishwa baada ya kazi kutolewa, na kiolezo cha idgames kilikuwa kimeikwepa shida hiyo kwa kuuliza mapema, kwa lugha ya kawaida, kabla faili halijapokelewa.

Hazina ninayoshughulika nayo mwenyewe ni ndogo mno ukilinganisha na hizo. Inahusu Bus Simulator Indonesia, gemu ya simu iliyotolewa na Maleo mwaka 2017, ambayo vijana wengi wa Tanzania na Kenya wanaicheza kwa sababu inamruhusu mchezaji kulipaka basi rangi kwa picha ya PNG aliyoichora mwenyewe, na pia kuongeza magari mapya kabisa. Kuna watu hapa wanaochora basi la mkoani kwa uaminifu wa kutisha, hadi maandishi ya kioo cha nyuma na mistari ya ubavuni, na wapo wa Nairobi wanaofanya hivyo kwa matatu. Ustadi upo. Kinachokosekana ni daftari.

Chukua faili moja kama linavyofika kwenye kundi la WhatsApp. Jina lake ni BASI_JIPYA_FINAL2(1).bussidvehicle. Halina maelezo. Umbo la basi kwa dalili zote lilitengenezwa na mtu wa Indonesia, kwa kuwa taa na milango ni ya magari ya kwao, lakini jina lake lililokuwa juu ya kioo cha nyuma limefutwa na mahali pake limewekwa jina la aliyelipakia mara ya mwisho. Rangi zimechorwa na mtu wa tatu ambaye hatajwi kabisa. Faili lingine limo ndani ya zip iliyofungwa kwa nywila, na nywila inatajwa katikati ya video ya dakika kadhaa ili uitazame yote. Siwalaumu sana wanaofunga. Wengi wao waliibiwa kwanza, na nywila ndiyo njia pekee waliyoiona ya kulazimisha jina lao likumbukwe. Ila chaneli ikifutwa, nywila nayo huondoka, na faili lililobaki kwenye simu za watu mia halimfai hata mmoja wao.

Kwa hiyo mimi na wenzangu wachache tuliandika kiolezo cha Kiswahili, kifupi kiasi cha kujazwa kwenye simu. Kinauliza jina la gari. Nani ametengeneza umbo. Nani amechora rangi. Umbo limepatikana wapi. Limejaribiwa kwenye toleo lipi la gemu. Je, wengine wanaweza kulinakili. Je, wanaweza kulibadilisha. Na kasoro zinazojulikana. Tulitenganisha umbo na rangi kwa makusudi, kwani hapa kwetu karibu kila mara ni watu wawili. Sehemu ya kasoro tuliiweka kwa kuiga kiolezo cha Doom, na imegeuka kuwa inayosomwa kuliko zote: mmoja aliandika kwamba taa ya breki ya kushoto haiwaki, mwingine kwamba gurudumu la nyuma linazama kwenye lami ukipita tuta. Maelezo ya namna hiyo humwokoa mpakuaji muda, na yameshawahi kumleta mtu mwenye ujuzi wa kulirekebisha gari.

Swali la asili ndilo gumu. Tulikubaliana kwamba mtu anaweza kujibu "sijui", na jibu hilo si aibu, lakini gari la asili isiyojulikana haliingii kwenye hazina. Linaorodheshwa tu, pamoja na picha yake, ili anayemfahamu mtengenezaji atuambie. Baadhi ya watengenezaji wa Indonesia tumewaandikia kwa msaada wa programu ya kutafsiri. Waliojibu walikuwa wakarimu kuliko tulivyotarajia, na sharti lao karibu wote lilikuwa moja: jina lao lirudi kwenye kioo cha nyuma.

Miongozo tunaiandika kwa tahadhari nyingine, ambayo ni kuweka toleo na mwaka juu ya kila ukurasa. Android 11 ilipobadilisha namna programu zinavyoruhusiwa kufikia mafolda ya simu, maelekezo mengi ya zamani ya mahali pa kuweka faili yaligeuka kuwa mitego, na bado yanasambazwa kana kwamba ni ya jana. Mwongozo usio na tarehe tunaukataa hata kama umeandikwa vizuri.

Lililobaki mezani kwetu ni majina ya kampuni za mabasi. Mchoraji anaweza kuruhusu michoro yake inakiliwe, lakini nembo iliyo ubavuni si yake, na hatujawahi kumwuliza mwenye mabasi yeyote anaonaje. Kwa sasa tunahifadhi kila mchoro katika picha mbili: ya kwanza ina rangi na mistari bila jina, nayo ndiyo inayoingia kwenye hazina, ya pili yenye jina inabaki mikononi mwa mchoraji mwenyewe, anayeweza kumpa amtakaye. Wachoraji wawili wamelalamika kwamba basi lisilo na jina halina ladha, na wana haki. Wiki ijayo tunaanza kuandika barua kwa wenye mabasi, tukianza na wale wadogo.